Hodi Katika Nyumba ya Akili

Msomaji, ikiwa umepata kutembea katika Mji wa Kale wa Mombasa, hukosi kukumbuka wembamba wa njia zake. Ukianza penye Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukafuata Ndia Kuu, kisha ukakata kuingia upande wa Kibokoni au Mlango wa Papa, mara hufika mahali ambapo watu wawili wakikutana hapana budi mmoja ajibanze ukutani ili mwenzake apite. Nyumba zimeegemeana kama wazee waliozoeana miaka mingi. Sasa fikiri kwamba katika nyumba iliyo mwisho wa kichochoro kama hicho mna kabati kubwa bovu linalotakiwa kutolewa. Lori haliingii. Mtu mwenye nguvu na pupa aweza kubomoa kuta za majirani ili apate nafasi. Kabati litatoka, lakini mtaa utabaki magofu. Hamali mwenye maarifa hafanyi hivyo. Huingia kwa miguu, hulivunja kabati, akalitoa kipande baada ya kipande, na jioni majirani huuliza kama kweli palikuwa na kazi siku ile.

Ubongo wa mwanadamu ni mji wa namna hiyo. Uzito wake kwa mtu mzima hukaribia kilo 1.4, nao umefungiwa ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka. Humo mna mtaa wa usemi, mtaa wa kuona, mtaa wa kumbukumbu, mtaa wa mkono na mtaa wa mguu, na mipaka yao haikuandikwa kwa wino. Uvimbe mdogo ukiota ndani yake, taabu ya tabibu si uvimbe peke yake. Taabu ni majirani.

Usidhani kwamba kufungua kichwa cha mtu aliye hai ni jambo lililoletwa kwetu na meli za wageni. Wakisii wa magharibi ya Kenya walikuwa na waganga wa kazi hiyo, ambao kila mmoja aliitwa omobari. Mtu aliyepigwa rungu la kichwa au kuanguka, kisha akateswa na maumivu yasiyokoma, alipelekwa kwa omobari, naye alipasua ngozi na kuukwangua mfupa kidogo kidogo mpaka akafika alipopataka. Madaktari waliokwenda kuichunguza kazi hiyo katikati ya karne ya 20 waliona kwa macho yao watu waliokwisha kufunguliwa mafuvu yao, wengine zaidi ya mara moja, nao wakali hai na wakilima. Omobari hakugusa ubongo wenyewe. Alijua mahali pa kusimama, na katika kazi hii maarifa hayo si haba.

Madaktari wa hospitali nao, kwa muda mrefu, walifungua mlango mpana. Sababu haikuwa ukatili. Hawakuweza kuona ndani. Walikuwa na picha za eksirei zilizoonyesha mfupa vizuri na ubongo kama vivuli tu. Basi aliyetaka kutafuta uvimbe alilazimika kuondoa bamba kubwa la fuvu, akatafuta kama mtu atafutaye sindano gizani. Waweza kusema kwamba upana wa jeraha ulikuwa kipimo cha kutojua. Mambo yakabadilika tarehe 1 Oktoba 1971, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya ubongo katika hospitali moja ya London kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukusanya hesabu zake na kuchora ubongo vipande vipande, kama boflo lililokatwa. Hounsfield alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Baadaye zikaja mashine za sumaku, ambazo huonyesha hata doa dogo kuliko punje ya mchele.

Mtu akijua mahali kitu kilipo, hana haja ya kubomoa ukuta mzima. Siku hizi tundu la upana wa milimita 14 hivi latosha kupitisha sindano ndefu, ikiongozwa na picha na vipimo, ikachukua chembe ya doa kwa uchunguzi. Kwa kazi nyingine dirisha la sentimita 2 au 3 latosha, tabibu akifanya kazi humo kwa darubini. Kuna uvimbe unaofikiwa kwa kupitia tundu za pua, pasipo kovu lolote usoni. Na iko njia isiyo na kisu kabisa. Lars Leksell wa Stockholm, Uswidi, aliitoa fikira yake mwaka 1951: miali dhaifu ya mionzi hutumwa kutoka pande nyingi, kila mmoja ukipita bila ya kuumiza, yote ikakutana mahali pamoja na kupachoma hapo tu. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na vyanzo 179 vya madini ya kobalti. Nchini Kenya mashine ya jamii hiyo, ingawa haitumii kobalti, imewekwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa huingia, hulala, hutoka, wala unywele haukukatwa.

Haya ni maendeleo makubwa, na mtu asiyeyafurahia ana moyo mgumu. Lakini huzaa swali ambalo darubini haiwezi kulijibu. Zamani, kabla ya daktari kufungua kichwa, hofu ilisimama mlangoni kama bawabu. Mgonjwa aliogopa, jamaa waliogopa, na daktari mwenyewe, kama alikuwa mkweli, aliogopa kuliko wote. Hofu hiyo iliua watu waliongoja mno. Na hofu hiyo hiyo iliokoa watu ambao hawakuwa na haja ya kisu. Sasa mlango umekuwa mdogo, na bawabu ameachishwa kazi. Nakuuliza basi: njia ya kuingia katika kichwa cha mtu ikipungua upana, je, haki ya kuingia imeongezeka?

Tufanye mfano. Tuseme yuko fundi wa kuchonga milango, mtu wa makamo, mwenye karakana yake Kibokoni. Siku moja, patasi ikiwa mkononi, kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza pasipo amri yake; kisha ukacheza mkono wote; kisha akaanguka juu ya vumbi la mvule. Alipozinduka alikuta shemeji zake wamemzunguka. Mmoja alisema ni pepo, mwingine akasema ni uchovu, na mpwawe, kijana wa shule kama wewe, akasema apelekwe hospitali. Alipelekwa. Picha ilionyesha doa moja, kadiri ya punje ya kunde, upande wa kushoto wa ubongo, jirani kabisa na mtaa unaouamuru mkono wa kulia.

Mwanafunzi mwepesi atasema: doa ni dogo, tundu ni dogo, litolewe leo. Lakini doa ni jina la kitu kinavyoonekana. Halisemi kitu chenyewe ni nini. Yaweza kuwa uvimbe mbaya unaoanza. Yaweza kuwa uvimbe mtulivu utakaokaa na mwenyewe mpaka azikwe kwa uzee. Yaweza kuwa fundo la mishipa ya damu alilozaliwa nalo. Na katika nchi zetu yaweza kuwa kifua kikuu kilichohamia kichwani, au kifuko cha mnyoo aitwaye tegu. Na hivi viwili aghalabu hutibiwa kwa vidonge, si kwa chuma.

Hapa fundi wetu angekasirika. Tegu yule anajulikana kuwa ni wa nyama ya nguruwe, naye hajaionja tangu kuzaliwa, wala baba yake. Hasira yake ni ya haki lakini hoja yake si timamu. Alaye nyama hiyo ikiwa na ugonjwa na haijaiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na choo chake, na mikono isiyooshwa au mboga isiyosafishwa huyapeleka katika kinywa cha mtu mwingine. Katika mtu huyo wa pili vifuko huweza kufika ubongoni. Mwaka 1992 madaktari waliandika habari za Wayahudi wanne washika dini wa New York, wasiogusa nguruwe, waliopatikana na vifuko hivyo vichwani. Walidhani ugonjwa ulifika kwa njia ya watumishi wa nyumbani, waliokuwa na mnyoo pasipo kujua. Sisimulii haya ili umdharau mtumishi wa mtu. Wenye kosa, ikiwa lazima tulitafute, ni wale wanaomwajiri mtu apike chakula chao wala wasijali kama ana choo safi, maji na dawa. Najua nimepinda njia kidogo, ila nimetaka uone jinsi doa moja lilivyo na ukoo mrefu.

Turudi kwa fundi. Kabla ya kisu, tabibu mwema ana kazi ya kuuliza: kupima damu na makohozi, kutazama kifua, kulinganisha picha na picha, pengine kungoja. Kungoja ni tendo, ingawa mikono imetulia. Na hapa ndipo ninapoikumbuka desturi yetu ya hodi. Mtu wa Mji wa Kale, hata akiwa ameijua nyumba tangu utotoni, hata mlango ukiwa wazi, hasogei ndani pasipo kupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, wala hanuni. Kuijua njia ya nyumba si idhini ya kuingia. Nyumba ya akili ni nyumba yenye haki zaidi ya hodi kuliko nyumba yoyote ya mawe na boriti, maana aliyemo ndani ndiye mtu mwenyewe.

Utanikatiza na kusema kwamba nyumba ikiungua hakuna anayepiga hodi. Kweli. Kijana akianguka na pikipiki barabarani, akaletwa hospitali hajitambui, damu ikijaa ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, tabibu hutoboa tundu mara moja ili damu itoke, na aliye na akili atamshukuru. Moto una sheria yake. Lakini ni makosa kuliita kila doa moto kwa sababu tu tunalo jeki la maji mkononi.

Je, nani aitikie hodi? Katika mitaa yetu ugonjwa ni wa nyumba nzima. Mjomba husema, shemeji husema, mama husema zaidi ya wote, na mara nyingi mgonjwa huambiwa mwisho, au haambiwi kabisa, ati asivunjike moyo. Desturi hiyo ina huruma ndani yake na sitaki kuitemea mate. Watu hao hao ndio watakaouza kitu, watakaochanga, watakaokesha kitandani. Walakini mkono utakaonyamaza, kama mkono utanyamaza, ni wa fundi. Jamaa na washauri, na wachange, na walie. Jibu la mwisho ni lake maadamu ana fahamu zake. Asiyeambiwa ukweli hakupigiwa hodi. Amevunjiwa mlango kwa upole.

Lipo jambo moja katika upasuaji huu ambalo hunistaajabisha kila nilifikiripo. Ubongo, ambao ndio unaotuhisisha maumivu yote ya mwili, wenyewe ukiguswa hauumwi. Kwa ajili hiyo yawezekana kumfanyia mtu kazi kichwani naye yu macho: ngozi na mfupa hutiwa ganzi, na nusukaputi haitumiki wakati wa kazi yenyewe. Wilder Penfield, tabibu wa Montreal, Kanada, alifanya hivyo kwa wagonjwa wengi wa kifafa katika miaka ya 1930 na baadaye. Aligusa ubongo kwa umeme dhaifu, hatua kwa hatua, akamwuliza mgonjwa ahisi nini. Hapa kidole kilicheza. Hapa ulimi ulikwama katikati ya neno. Hapa hapakutokea kitu. Palipojibu, kisu hakikupita. Njia hiyo ingali ikitumika leo kwa uvimbe ulio jirani na usemi au mkono. Nami sijui mfano ulio wazi zaidi wa hodi kuliko huo: mgeni amekwisha kuingia sebuleni kwa idhini, lakini mbele ya kila chumba husimama na kuuliza tena.

Tena tabibu mwenye adabu huuliza hata mgonjwa atokako na atakakorudi. Mwaka 2000 Benjamin Warf, daktari wa Marekani, alihamia Mbale, mashariki ya Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Waliletwa kwake watoto wachanga ambao maji yamewajaa kichwani mpaka vichwa vikavimba. Dawa ya siku nyingi kwa maradhi hayo ni kumtilia mtoto mpira mwembamba chini ya ngozi, uyachukue maji toka kichwani hadi tumboni. Mpira ni mwema, lakini huziba na huharibika. Ukiziba, mtoto aweza kufa upesi. Kwa mama anayekaa karibu na hospitali hiyo ni taabu. Kwa mama aliye mbali, asiye na nauli, ni hukumu. Warf alitafuta njia isiyotaka mpira. Alipitisha darubini nyembamba ndani ya ubongo, akafungua tundu dogo ili maji yapate njia nyingine, kisha akachoma sehemu ya utando unaotoa maji hayo. Watoto wengi waliishi pasipo mpira.

Tazama sababu iliyomfanya aichague njia ndogo. Aliifikiria barabara ya mama. Wala mambo hayakuishia katika sifa. Watoto wachanga 100 waligawanywa kwa kura huko Mbale, wengine wakatiwa mpira, wengine wakafanyiwa kazi ya darubini, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017: baada ya miezi 12 haikuonekana tofauti kubwa ya maendeleo ya akili baina ya makundi hayo mawili. Habari hiyo haikuwa ya kupigiwa ngoma, lakini ilikuwa ya kweli, na nawaheshimu waliokubali kupima kazi waliyoipenda.

Si wote walio hivyo. Mashine ni ghali, na aliyeinunua hutaka irudishe fedha zake. Daktari kijana hutaka kuhesabiwa kuwa wa kwanza katika mji wake. Gazeti hutaka picha. Basi huja neno tamu, ‘upasuaji mdogo’, na mgonjwa husikia ‘hatari ndogo’. Hayo ni maneno mawili mbali mbali. Kovu laweza kuwa la sentimita 2, lakini mishipa ya damu iliyo chini yake ni ile ile iliyokuwapo siku za milango mipana. Ikitoboka, mwenye dirisha dogo ana nafasi finyu ya kuuzuia mtiririko. Hata sindano ya uchunguzi, ambayo kwa wengi hupita salama, huwaletea damu ubongoni wachache katika mia. Mwenye kuyanyamazia hayo ili mgonjwa akubali upesi, amepata ndiyo isiyo na thamani.

Fundi wetu alikaa mbele ya daktari, jamaa wakiwa nyuma yake. Aliambiwa yote: doa liko wapi, laweza kuwa nini, njia ni zipi, kila njia yaweza kumlipisha nini. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, ‘Daktari, mimi nikitaka kuchonga jani dogo juu ya mfaa wa mlango, patasi yangu huwa ndogo. Lakini kutazama kwangu huwa kurefu kuliko nikikata ubao kwa msumeno. Wewe umetazama kiasi gani?’

Shemeji yake alimvuta kanzu, akiona amekosa adabu. Daktari hakuchukizwa. Alisema, ‘Bado, mzee wangu. Sijatazama vya kutosha kwa mkono kama wako.’

Wakakubaliana hivi: fundi atumie vidonge vya kuzuia kifafa, apimwe kifua kikuu na tegu, na baada ya miezi mitatu apigwe picha nyingine. Doa likikua, sindano iingie, naye amekwisha kuitoa idhini hiyo mwenyewe kwa kinywa chake. Dalili zikizidi kabla ya hapo, arudi siku hiyo hiyo. Akauliza kama aweza kufanya kazi. Akaambiwa asipande ngazi, asiguse msumeno wa umeme, asiogelee wala kwenda baharini peke yake. Patasi hakukatazwa, ila asikae nayo pasipo mtu karibu.

Alasiri alirudi Kibokoni. Mlango wa mteja ulikuwa umelazwa juu ya magogo mawili, ua moja likiwa limechongwa nusu. Akamwita mpwawe aje na kitabu chake, aketi pale kwenye baraza asome. Kisha akaupangusa mfaa kwa kiganja, akainama akautazama kwa muda mrefu, akaitwaa patasi kwa mkono wa kulia.